Kompyuta ya Kikundi Imekataa Kuamka Baada ya Kusasishwa: Tufanye Nini?

Safari iliyopita tulizungumza juu ya kuandika hesabu za mikopo ili kila mwanachama aweze kuzisoma. Leo tunaingia katika jambo ambalo wengi mmetuuliza tulipowatembelea, hasa vikundi vilivyoanza kuweka hesabu zao kwenye kompyuta. Swali lenyewe ni hili: jana laptopu ilifanya kazi vizuri, ikaomba kusasishwa, tukairuhusu, ikajizima ili iamke upya, na haikuamka. Sasa?

Kabla ya kujibu, tusikilize yaliyopata vikundi viwili. Hatutaji majina. Wenyewe watajijua, na sisi wengine hatuna haja.

Kikundi cha kwanza ni cha akina mama 23 wanaoweka akiba kila Jumatano. Walipewa laptopu kuukuu na shule moja iliyokuwa inanunua mpya. Kijana wa hapo akawawekea Ubuntu, kwa sababu Ubuntu haidai pesa ya leseni na hukubali kukaa katika mashine yenye umri mkubwa. Kwa miaka miwili katibu wao aliandika humo hisa, mikopo na faini. Daftari la karatasi waliliacha polepole bila kuamua kuliacha. Mwishowe lilikuwa linaandikwa mahudhurio tu. Siku kumi kabla ya mgao wa Desemba, laptopu ilisasishwa jioni. Asubuhi ikaonyesha kioo cheusi, maandishi meupe ya Kiingereza, na katikati yake neno "panic". Katibu akaogopa. Neno hilo maana yake ni hofu kuu, na hakukuwa na mtu wa kumwambia kwamba anayeogopa hapo ni mashine, si lazima na yeye aogope.

Wakaipeleka sokoni kwa fundi. Fundi akaiangalia dakika mbili, akasema, "Mama, hii imekufa programu. Naweka nyingine, elfu moja mia tano." Mwenyekiti akauliza, "Na hesabu zetu, fundi?" Akajibu, "Hizo ziliharibika pamoja nayo."

Kumbe hazikuwa zimeharibika. Zilikuwa ndani, zimetulia. Zilipotea saa ile fundi alipofuta diski nzima na kuipanga upya. Laptopu iliamka vizuri sana, safi kama sahani iliyooshwa, bila jina la mwanachama hata mmoja.

Mgao haukufanyika Desemba. Kulikuwa na mama aliyelipa mkopo wa shilingi 6,000 kwa awamu nne, na hakuwa na kipande cha karatasi cha kuonyesha. Kulikuwa na mwingine aliyekumbuka hisa nyingi kuliko wenzake walivyomkumbukia. Tulikaa nao vikao vitano, mpaka Machi. Wanne walijitoa. Wawili kati ya hao ni mtu na wifi yake, na hadi leo wakikutana kisimani salamu ni ya kulazimisha.

Kikundi cha pili kilipatwa na jambo lile lile, mwaka uliofuata, na karibu maandishi yale yale kwenye kioo. Katibu wao alizima laptopu, akaiwasha tena, akabonyeza kitufe kimoja, akachagua mstari wa pili badala ya wa kwanza. Baada ya dakika tatu hesabu zote zilikuwa wazi mbele ya wanachama. Huyo kijana hana cheti chochote cha kompyuta. Alikuwa ameonyeshwa mara moja tu, akaandika hatua ndani ya jalada la daftari lake.

Wala tusidhani kwamba shida hii ni ya watu wa vijijini wasiojua mashine. Tarehe 19 Julai 2024 kampuni ya usalama wa kompyuta iitwayo CrowdStrike ilituma sasisho lenye kasoro kwa kompyuta za Windows. Microsoft ilikadiria kwamba kompyuta zipatazo milioni 8.5 ziliathirika. Mashirika ya ndege yalisimamisha safari, benki na hospitali zikakwama. Na dawa ilikuwa nini? Mashine nyingi zilihitaji kuamshwa kwa njia ya pembeni, faili moja lenye kasoro likaondolewa, basi. Kilichokuwa kimeharibika ni njia ya kuingia, si mali iliyomo ndani ya nyumba.

KENELI NI KITU GANI?

Wote tunaijua mashine ya kusaga posho. Upande huu iko injini ya dizeli, upande ule kuna kinu, na katikati kuna mkanda. Mkanda ukikatika, injini itanguruma mpaka jioni na unga hautatoka. Katika kompyuta, upande mmoja kuna vyuma: diski, kioo, vitufe, betri. Upande mwingine kuna programu tunazotumia, kama ile ya kuandika hesabu. Katikati yao kuna programu moja kuu ambayo inaunganisha pande hizi mbili. Mafundi huiita keneli. Bila hiyo, vyuma ni vizima na hesabu ni nzima, lakini havionani.

Keneli inayotumiwa na Ubuntu inaitwa Linux. Ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, akiwa bado mwanafunzi wa chuo kikuu huko Helsinki, Finland. Kila mwenye simu ya Android anaitembeza mfukoni bila kujua, maana simu hizo zinatumia keneli hiyo hiyo. Ubuntu yenyewe ilitoka mwaka 2004, ikianzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na jina lake ni la lugha za Kibantu za huko kusini. Ni ndugu wa neno letu "utu".

Kwa nini basi isasishwe, kama inafanya kazi? Kwa sababu watu wabaya hutafuta nyufa katika keneli ili waingie, na wanaoitunza huziba nyufa hizo kila mara. Wengine mmetuambia kwamba baada ya kusikia habari za kikundi kile mmeamua kukataa masasisho yote. Hapo hatukubaliani nanyi. Huwezi kukataa kutengeneza mlango kwa sababu siku moja fundi aliufunga vibaya.

Sasa sikilizeni hili vizuri, kwa maana ndilo lililomwokoa yule katibu wa pili. Ubuntu inapoleta keneli mpya, haiitupi ile ya jana. Inaiweka mpya kando ya ya zamani, kila moja na namba yake, na kuanza kutumia ile mpya. Ile iliyokuamshia laptopu jana asubuhi bado imo ndani ya diski, nzima kabisa. Inangoja kuitwa.

IMEFIA WAPI?

Mgonjwa akifika kwenye zahanati haulizwi "umekufa?" Anaulizwa inauma wapi. Laptopu nayo haiamki kwa mpigo mmoja. Inapita vituo, na kazi yetu ya kwanza ni kutazama imekwama kituo gani. Tunawaomba mchukue simu na kupiga picha ya kioo kabla ya kugusa chochote. Picha hiyo itamsaidia yeyote mtakayemwomba ushauri, hata akiwa mbali. Maneno "imekataa tu" hayamsaidii mtu.

Kituo cha kwanza ni vyuma vyenyewe. Ukibonyeza kitufe cha kuwashia na hakuna taa, hakuna feni, hakuna alama ya kampuni iliyotengeneza mashine, usilaumu keneli, haijafikiwa bado. Angalia chaja, angalia soketi, angalia kama stima ipo. Tumewahi kutembea kilomita tisa kwenda kutibu laptopu ambayo waya wake ulikuwa umetafunwa na panya.

Kituo cha pili ni bawabu. Jina lake ni GRUB. Huyu ndiye anayeshika orodha ya keneli zilizopo na kuita moja. Akikosa vitabu vyake, kioo kitaandika "grub>" au "grub rescue>" na kunyamaza. Hali hii inataka mtu mwenye ujuzi zaidi, lakini hata hapo hesabu zenu hazijaguswa.

Kituo cha tatu ndicho chenye shida mara nyingi baada ya sasisho. Keneli inapoitwa, inakuja na kifurushi kidogo cha vifaa vya kufungulia diski. Kifurushi hicho huitwa initramfs. Fikiria mlinzi wa ghala aliyeajiriwa leo: amefika lango kuu, lakini hakupewa funguo za ndani. Atasimama pale pale na kupiga kelele. Kelele zake huandikwa hivi: "Kernel panic - not syncing: VFS: Unable to mount root fs". Yaani, keneli imeamka lakini imeshindwa kufungua diski. Mara nyingi sababu ni kwamba kifurushi hakikumaliza kutengenezwa. Pengine stima ilipotea katikati ya kusasisha na betri ya laptopu kuukuu haikuhimili. Pengine nafasi ilijaa. Katika baadhi ya kompyuta keneli huwekwa katika sehemu ya peke yake ya diski, inayoitwa /boot, na sehemu hiyo ni ndogo. Keneli moja na kifurushi chake huweza kula megabaiti 100 au zaidi. Zikirundikana za zamani bila kuondolewa, mpya inakosa pa kukaa. Wakati wa kusasisha mashine ilisema "No space left on device", nasi tukabonyeza tu ili ujumbe uondoke. Ni nani kati yetu hajafanya hivyo?

Katika kituo hiki hiki unaweza pia kuona neno "initramfs" ndani ya mabano na kialamishi kinachopepesa. Soma mistari iliyo juu yake. Ikitaja "fsck" na kusema uikimbize kwa mkono, basi diski ilikatizwa ikiwa inaandika, na inaomba kukaguliwa. Huandikwa "fsck -y" kisha jina la sehemu ya diski kama lilivyotajwa hapo juu, kwa mfano /dev/sda2, halafu "exit". Lakini kama diski hiyo imekuwa ikitoa sauti ya kugongagonga, usiikague. Nakili kwanza, kwa njia tutakayoeleza hapo chini.

Kituo cha nne: keneli imefaulu, ila kioo kimebaki cheusi, au unaingia vizuri lakini waifai imepotea. Hapo mara nyingi programu ndogo zinazoongoza kioo au waifai hazikuandaliwa kwa ajili ya keneli mpya. Si jambo la kufa.

KURUDI KWA KENELI YA JANA

Zima laptopu kabisa kwa kushikilia kitufe cha kuwashia kama sekunde kumi. Chomeka chaja. Washa. Mara tu alama ya kampuni inapotokea, bonyeza Esc mara moja. Tumesema mara moja. Ukiipigapiga kama mtu anayebisha hodi usiku, utaipita orodha na kuangukia kwenye "grub>". Hilo likitokea, zima na uanze tena, hujavunja kitu. Kwa mashine za zamani zaidi, badala ya Esc shikilia kitufe cha Shift tangu unapowasha.

Itatokea orodha fupi. Kwa vitufe vya mishale shuka mpaka "Advanced options for Ubuntu", bonyeza Enter. Sasa utaona keneli zote kwa namba zake. Mstari utakuwa wa namna hii: "Ubuntu, with Linux 6.8.0-45-generic". Namba kubwa ndiyo mpya. Kila namba imeandikwa mara mbili, wa pili ukiwa na maneno "recovery mode". Huo uache kwanza. Chagua namba iliyo ndogo kidogo kuliko ile ya juu kabisa, ile isiyo na maneno hayo, kisha Enter.

Ngoja. Laptopu kuukuu huchukua muda, na dakika mbili mbele ya wanachama wanaokutazama ni ndefu kama misa ya Jumapili ya Matawi. Usiizime. Mara nyingi mtauona ukurasa wa kuingia kama kawaida.

Na ikiamka, tafadhali, msishangilie na kuendelea na kazi. Chukueni flashi, nakilini folda yote ya hesabu, muichomoe vizuri, mweka hazina aifunge kwenye sanduku. Ndipo mtengeneze. Tunalisema hili kwa nguvu kwa sababu tumeona watu wakianza kutengeneza kwa furaha na kuharibu kile walichokuwa wamekiokoa.

KUTENGENEZA KILICHOHARIBIKA

Mkiwa ndani kwa keneli ya zamani, bonyezeni Ctrl, Alt na T kwa pamoja. Litafunguka dirisha la kuandika amri. Andika "uname -r" na Enter. Utaona namba ya keneli iliyokuamsha. Iandike kwenye daftari, hiyo ndiyo namba nzuri. Kisha andika "df -h /boot" utazame nafasi. Ukiona asilimia 95 au 100, mwizi tumemkamata.

Kuondoa keneli za zamani zisizohitajika tena, andika "sudo apt autoremove --purge". Mashine itauliza neno la siri. Ukiliandika huenda usione herufi wala nyota ikitokea. Si kosa, ndivyo ilivyo, endelea na ubonyeze Enter. Amri hiyo haiondoi keneli unayoitumia wakati huo. Mtu akikuambia uingie ndani ya /boot na kufuta mafaili kwa mkono, mshukuru na usimfuate.

Baada ya hapo andika "sudo dpkg --configure -a". Hiyo inaiambia kompyuta imalizie kazi zote ilizoziacha nusu. Ikidai kuna vipande vinavyokosekana, andika "sudo apt -f install". Mara nyingine autoremove hukataa mpaka hizi mbili zitangulie, kwa hiyo mkigonga ukuta badilisheni mpangilio. Halafu tengenezeni kile kifurushi cha funguo kwa keneli mpya: "sudo update-initramfs -c -k" ikifuatwa na namba yake kamili, pamoja na neno "generic" la mwisho. Mwisho kabisa "sudo update-grub", ili bawabu apate orodha mpya. Ziimeni, washeni bila kubonyeza kitu, mtazame.

Ikikataa tena? Rudini kwa keneli ya jana na mkae nayo. Si aibu. Sasisho la wiki zijazo huenda likaleta nyingine inayopatana na mashine yenu. Kikundi kimoja tunachokijua kilikaa na keneli ya zamani miezi miwili hivi, wakichagua mstari wa pili kila asubuhi, na hawakukosa hata mkutano mmoja. Na kwa ile shida ya waifai, mnaweza kuunganisha simu kwa waya wa USB ili mpate intaneti ya kumalizia masasisho; mara nyingi kipande kilichokosekana kinakuja kwa njia hiyo.

KAMA HAKUNA KENELI HATA MOJA INAYOKUBALI

Hapa ndipo fundi huingia, na hapa ndipo mnapotakiwa kuwa macho. Ubuntu inaweza kuwekwa kwenye flashi na kuamsha laptopu kutoka kwenye flashi hiyo bila kugusa diski. Flashi ya gigabaiti 8 inatosha. Laptopu ikiamka kwa njia hiyo, unachagua kuijaribu tu, si kuisimika; kisha unafungua diski ya ndani kama vile unavyofungua kabati, unaingia "home", na kunakili folda yenu kwenye flashi ya pili. Kama diski ilifungwa kwa neno la siri siku ya kwanza, itaulizwa hapo pia, na bila hilo hakuna anayeweza kusaidia.

Kwa hiyo mkifika kwa fundi, yeyote yule, semeni maneno mawili kabla ya bei. La kwanza: "Umejaribu keneli ya zamani?" La pili: "Usifomati kabla hatujanakili hesabu zetu, na tutakaa hapa tukitazama." Fundi mwema hatakasirika. Wapo wengi wema. Tunao wawili tunaowategemea sana. Akikasirika, beba laptopu yako uende.

MAMBO YA KUPANGA KABLA

Masasisho yafanywe wakati ambapo hakuna haraka. Kikundi kinachogawana Desemba kisiguse keneli kuanzia mwanzo wa mwezi huo mpaka pesa ziwe mikononi mwa watu. Laptopu iwe kwenye chaja na betri imejaa, na kama kwenu stima hupotea saa za jioni, fanyeni asubuhi. Mkitumia sola, ngojeni jua lipande.

Bawabu GRUB kwa kawaida hujificha pale kompyuta ina mfumo mmoja tu, ndiyo sababu tunahangaika na Esc. Mnaweza kumwamuru ajionyeshe kila mara. Katika faili liitwalo /etc/default/grub, mstari wa GRUB_TIMEOUT_STYLE uandikwe "menu", na ule wa GRUB_TIMEOUT uandikwe 10, kisha mkimbize "sudo update-grub". Kuanzia hapo orodha itakaa sekunde kumi kila mnapowasha. Ni uchelewesho mdogo kwa mtu aliye na nia ya kulala usingizi.

Jambo la neno la siri limetuletea shida kuliko keneli zenyewe. Katika vikundi vitatu tulivyotembelea mwaka jana, aliyelijua ni mtu mmoja, na katika kimoja huyo mtu alikuwa amepata kazi Nairobi na kubadilisha namba ya simu. Kule kwenye sanduku la akiba mmeweka kufuli tatu na funguo kwa watu watatu, kwa hekima kubwa. Basi na neno la siri liandikwe, litiwe kwenye bahasha iliyofungwa, iwekwe ndani ya sanduku hilo hilo.

Kuhusu daftari la karatasi, tunajua mtatuambia ni kazi maradufu. Ni kweli. Lakini si lazima kuandika kila kitu mara mbili. Kila mwisho wa mkutano, kabla ya sala ya kufunga, katibu asome kwa sauti salio la hisa na mkopo wa kila mwanachama, na mtu mwingine aandike namba hizo mbili tu kwenye daftari. Kwa watu 23 ni ukurasa mmoja. Yule mama wa shilingi 6,000 angekuwa nao ukurasa huo, kikao kimoja kingetosha. Flashi ziwe mbili, moja ikae kwa mweka hazina na nyingine nyumba tofauti kabisa, maana moto na mwizi hawachagui.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA KIKUNDINI

Laptopu yetu ikikataa kuamka kesho asubuhi, ni karatasi gani tuliyo nayo inayoonyesha hisa za kila mtu? Ya tarehe gani?

Ni watu wangapi hapa wanaojua neno la siri? Wako wapi leo?

Leteni laptopu katikati ya mkutano. Izimwe. Wanachama wawili ambao hawajawahi kuishika, mmoja akiwa mzee, waiamshe kwa keneli ya zamani huku wengine wakisoma hatua kutoka ukurasa huu. Imechukua dakika ngapi? Ni mstari gani uliowatatiza? Tuandikieni huo mstari, tuueleze upya katika toleo lijalo.

Kama kikundi chenu kilipoteza hesabu kwa njia hii, nani alibeba hasara, na je, alirudishiwa?